Kikombe kimoja cha unga ni gramu ngapi? Inategemea umekijazaje

Kabla hujasoma mbali nenda jikoni, chukua kikombe chochote, unga wa ngano na mizani kama unayo. Chota unga kwa kikombe moja kwa moja kwenye mfuko, ule mchoto wa nguvu wa kugandamiza kwenye ukuta wa mfuko, sawazisha juu kwa mgongo wa kisu, pima. Urudishe. Sasa vuruga unga kwa uma uingie hewa, ujaze kikombe kwa kijiko taratibu bila kukigonga, sawazisha, pima tena. Kikombe changu cha mili 250 mara ya kwanza kilinipa gramu 152, mara ya pili 128, alafu nikachekecha unga ukiangukia humohumo kwenye kikombe nikapata 112. Kikombe kilekile, unga uleule, mkono uleule, na tofauti ni gramu 40!

Kwahiyo mtu akikuuliza "kikombe cha unga ni gramu ngapi" hana kosa, ila swali lenyewe lina nusu tu. Nusu nyingine ni kikombe gani na umekijazaje.

Mi niliyajua haya kwa kuumia. Binamu yangu anaishi Marekani alinitumia resipi ya mkate wa ndizi, unga vikombe 2, sukari kikombe kimoja, siagi gramu 115, mayai mawili, ndizi tatu zilizoiva sana. Nikachukua kikombe cha chai cha mzee, kile kikubwa cha udongo ambacho baadae nilikuja kukipima nikakuta kinabeba mili 350, nikachota unga kwa nguvu zote. Ukipiga hesabu pale niliweka unga kama gramu 400 na ushee wakati resipi ilitaka 250 hivi. Kilichotoka ni tofali. Mama mkwe alikuwepo, akatafuna kipande kimoja kwa muda mreeefu, akaniuliza kwa upole "mwanangu, hii ni biskuti?"

Na hapo kuna kitu wengi hawakioni. Kama kila kitu kwenye resipi kinapimwa kwa kikombe, ukubwa wa kikombe haukusumbui kabisa, tumia hata kata, uwiano unabaki uleule na unapata tu mkate mkubwa zaidi. Shida inaanza pale ambapo vitu vingine havipimwi kwa kikombe: mayai yanahesabiwa, ndizi zinahesabiwa, siagi iko kwenye gramu, hamira iko kwenye pakiti. Mayai hayajui kama kikombe chako ni kikubwa. Kwahiyo ukiona resipi imechanganya vikombe na mayai, ndo uanze kujali.

Haya, tuanze na kikombe chenyewe. Resipi za Kimarekani kikombe chao ni kama mili 240 (kwa undani ni 237). Australia ni 250, na vikombe vingi vya plastiki vya kupimia tunavyonunua huku navyo ni 240 au 250, geuza uangalie kwenye mkono wake au kitakoni pameandikwa. Resipi za zamani za Kiingereza ukikuta kikombe huwa ni nusu painti, yaani 284. Alafu kuna kile kikopo kinachokuja ndani ya boksi la sufuria ya umeme ya kupikia wali, hicho ni 180 tu! Watu kibao wanakitumia kupimia unga wa keki, na kila kikombe kimoja wanakuwa wamepunja robo nzima.

Kama kikombe chako hakijaandikwa kitu, nunua chupa ya maji ya nusu lita, mimina kwenye kikombe mpaka kwenye ukingo. Ikijaza vikombe viwili kamili una kikombe cha 250 na umeshinda bahati nasibu. Nyumba yenye mtoto mchanga ni rahisi zaidi, ile chupa ya maziwa imechorwa mili pembeni, jaza kikombe maji alafu yamimine kwenye chupa kidogokidogo usome. Mwenye mizani ndo kabisa, weka kikombe kitupu juu, rudisha sifuri, jaza maji, namba inayotokea ndo mili zako, maana maji gramu moja ni mili moja. Maji tu lakini, usije ukafanya hivyo kwa unga.

Ukishajua mili zako, hizi ndo gramu ninazotumia kwa kikombe cha 250, kimejazwa kwa kijiko na kusawazishwa, bila kugandamiza:

unga wa ngano – 130
sukari nyeupe ya kawaida – 210
sukari ya unga, ile ya kupambia keki – 125
sukari ya kahawia – 225, na hii ndo pekee unayotakiwa kuigandamiza mpaka ukiipindua itoke na umbo la kikombe
mchele – 200
maharage makavu – 190
adesi – 200
kokoa – 90
nazi kavu ya kusaga – 90
oti za uji – 90
maziwa ya unga – 130 hivi
karanga nzima – 150
chumvi laini – 300

Sembe sijaiweka kwa makusudi. Ugali haupimwi kwa gramu, unapimwa kwa mkono unaosonga.

Angalia chumvi na kokoa hapo. Kikombe kimoja cha chumvi kina uzito zaidi ya mara tatu ya kikombe cha kokoa. Kwahiyo mtu anayekwambia "kikombe ni gramu 250" anaongelea maji tu, na hilo ndo kosa ninaloliona kila siku, mtu ana resipi ya gramu 250 za unga anajaza kikombe cha mili 250 kimoja anasema kazi imeisha, kumbe ameweka nusu tu ya unga unaotakiwa, keki inatoka uji.

Kama kikombe chako sio cha 250 usihangaike kutafuta orodha nyingine, zidisha mwenyewe kwenye kalkuleta ya simu. Mili za kikombe chako zidisha mara 0.52 kwa unga wa ngano, mara 0.84 kwa sukari, mara 0.8 kwa mchele, mara 0.36 kwa kokoa, mara 1.2 kwa chumvi. Kikombe cha mili 300 kitabeba unga 156 na sukari 252. Ukitaka kurudi nyuma, una gramu unatafuta mili, unagawanya badala ya kuzidisha. Basi, hiyo ndo hesabu yote, hakuna kitu kingine kimejificha.

Sasa huna mizani. Mi nilikaa miaka bila mizani na nilikuwa nauza maandazi, na mizani niliyokuwa natumia ni ya Mangi. Unaenda dukani, unasema nipimie robo ya unga wa ngano, nipimie robo ya sukari, nipimie robo ya mchele, kila kimoja kwenye mfuko wake. Ukifika nyumbani unajaza kikombe chako kwa kijiko unahesabu. Robo ya unga kwenye kikombe cha 250 inajaza viwili kasoro kidogo, robo ya sukari inajaza kimoja na kubaki vijiko vitatu vya chakula, robo ya mchele kimoja na robo. Andika palepale, mara moja tu maishani. Kama humuamini Mangi (na mizani yake ile ya mawe yenye kutu) nunua pakiti ya kilo moja iliyofungwa kiwandani, hesabu vikombe mpaka uishe, gawa 1000 kwa idadi ya vikombe. Unga wa kilo ukikupa vikombe saba na robo tatu, kila kimoja ni kama 129. Ukikupa sita na nusu, unagandamiza dada, legeza mkono.

Mfano ambao naurudia kwa kila anayekuja kujifunza keki kwangu ni ile keki ya robo robo. Unaijua: unga robo, sukari robo, siagi robo, mayai manne au matano. Ni akili ileile ya keki ya Waingereza ya pauni moja moja ya kila kitu, na inafanya kazi kwasababu ni uzito, hata mayai, yai moja bila ganda ni kama gramu 50 kwahiyo matano ni robo kilo vilevile. Sasa mtu anaibeba hii resipi kichwani anaigeuza "unga kikombe, sukari kikombe, siagi kikombe". Hapo ameshaharibu! Kikombe cha sukari ni 210 na cha unga ni 130, keki yake ina sukari inayoukaribia unga mara mbili, inapanda vizuri kwenye oveni inashuka katikati kama kata, ukingo unakuwa kama peremende. Tafsiri sahihi ya robo robo kwa kikombe cha 250 ni unga vikombe viwili ukatoe kijiko kimoja cha chakula na kidogo, na sukari kikombe kimoja ukaongeze vijiko vitatu vya chakula. Siagi usiipime kwenye kikombe kabisa, nunua ya robo au nusu kilo ukate kwa kisu, utaratibu wa kuisindilia kwenye kikombe alafu kuikwangua ni mateso.

Maandazi ya nusu kilo ya unga, vikombe vinne ukatoe vijiko viwili na nusu vya chakula. Ukiweka vinne kamili hufi, unaongeza tui kidogo. Na hapa nitoe maoni yangu: maandazi, chapati, vitumbua, hivi vinasamehe, unasikiliza donge kwenye vidole, likiwa gumu unaongeza maji, likinata unaongeza unga, bibi zetu hawakuwa na gramu na chapati zao hatujazifikia. Keki, biskuti na mkate wa oveni havisamehi, ukishaingiza umeingiza. Nguvu ya kupima ipeleke huko.

Vijiko ni habari nyingine. Kijiko cha chai cha kupimia ni mili 5, cha chakula ni mili 15 (Australia cha kwao ni 20, ukikuta resipi yao kumbuka). Vijiko vya kwenye kabati letu la vyombo havifuati chochote, nimekuta kijiko cha chakula cha mili 10. Suluhisho liko kwenye dawa ya kikohozi ya watoto, kile kikombe kidogo cha plastiki kilichofunika chupa kimechorwa 5, 10, 15. Kioshe vizuri, jaza maji mpaka 15, mimina kwenye kijiko chako uone kama yanatosha au yanamwagika. Bomba la sindano lisilo na sindano linafanya kazi hiyohiyo.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba chumvi laini gramu 6, sukari 4, hamira ya chenga 3, bekingi pauda 4 mpaka 5, mdalasini 2 na nusu. Kijiko cha chakula, unga 8, sukari 12 au 13, kokoa 5 au 6. Resipi za nje zinaposema pakiti moja ya hamira wanamaanisha gramu 7, yaani vijiko viwili na robo vya chai, lakini pakiti nyingi za hapa zimeandikwa gramu 11, ukimwaga yote umeongeza zaidi ya nusu, na kwa joto la Dar donge litakukimbiza mpaka sebuleni.

Na hapa nasema kinyume cha wapenda mizani: vitu vidogo usipime kwa mizani ya jikoni. Mizani hizi za bei nafuu zinasoma gramu moja moja, ukitaka gramu 3 za hamira yenyewe inaweza kuwa 2 na nusu au 3 na nusu, na mbaya zaidi ukinyunyizia taratibu kuna mizani inadhani ni upepo, inabaki kwenye sifuri huku chumvi inaingia tu. Nilishawahi kulisha watu mkate wa chumvi kwa namna hiyo. Kwahiyo unga, sukari, mchele, karanga, mizani. Chumvi, hamira, bekingi pauda, viungo, kijiko. Ukichanganya hivyo umepata kilicho bora pande zote.

Mizani yenyewe iweke kwenye meza ngumu, sio juu ya kitambaa wala zulia, na betri ikianza kuchoka inatoa namba za ajabu. Kuijaribu ni rahisi, pima chupa tupu, rudisha sifuri, tia nusu lita ya maji iliyopimwa vizuri, isome 500 au jirani yake. Kuna kaujanja nakapenda sana, badala ya kupima kinachoingia kwenye bakuli unapima kinachotoka: weka kopo zima la sukari juu ya mizani, rudisha sifuri, chota, mizani inaandika kutoa 50, kutoa 120, ukifika kutoa 200 unaacha. Huchafui chombo cha pili.

Jambo moja dogo kwenye kusoma resipi. "Vikombe viwili vya unga uliochekechwa" na "vikombe viwili vya unga, kisha chekecha" sio kitu kimoja. La kwanza unachekecha ndo unapima, kikombe kinakuwa na 112 kama changu cha juu. La pili unapima ndo unachekecha, 130. Kwa vikombe viwili ni gramu 36, vijiko vinne na nusu vya unga vimejificha kwenye mpangilio wa maneno tu. Vilevile aunsi, kuna aunsi ya uzito ni gramu 28 na kidogo, na kuna aunsi ya ujazo ni mili karibu 30, kikombe cha Marekani kina aunsi 8 za ujazo lakini kikombe hichohicho cha unga hakina aunsi 8 za uzito, kina kama nne na robo hivi. Ukiona aunsi kwenye kitu kikavu chukulia ni uzito, zidisha mara 28 uendelee na maisha.

Hii shida ya ujazo na uzito wala haikuletwa na resipi za mtandaoni, wazee walikuwa nayo. Vibaba viwili kisaga kimoja, visaga viwili pishi moja, vyote hivyo ni vyombo, sio uzito. Ndo maana kila Ramadhani ikiisha mjadala wa zakatul-fitri unarudi palepale, pishi moja ni kilo ngapi, masheikh wengi wanasema kilo mbili na nusu, wengine wanapandisha mpaka tatu, na sababu ni hii hii ya kikombe, pishi ya mchele na pishi ya tende haziwezi kulingana kwenye mizani hata ufanyeje.

Sokoni ndo balaa zaidi maana kule kugandamiza na kulegeza ni biashara. Unanunua maharage kwa kopo au kisado, Kenya wana gorogoro ambayo watu huhesabu kama kilo mbili za mahindi, gunia la kilo 100 kwa mazoea huku linahesabiwa debe sita. Lakini debe linajazwa kilima juu au linapigwa ufito? Na kopo, ligeuze. Kuna makopo yamebonyezwa kitako kikaingia ndani, kwa macho kopo ni lilelile ila umeshapoteza konzi moja ya maharage kila mara. Nilinunua makopo matano ya choroko kwa mama mmoja nikaenda kuyapima nyumbani, ya mwisho aliyojaza huku tunapiga stori yalikuwa mepesi kuliko la kwanza alilojaza nikiwa namkodolea macho.

Cha kufanya pale ni kununua kopo moja kwanza, lipime, gawa bei kwa kilo, linganisha na bei ya kilo ya dukani. Mi siku hizi natembea na ile mizani ndogo ya ndoano ya kuning'iniza mfuko, inaingia kwenye pochi. Muuzaji anakununia kidogo, anasema dada umekuja na polisi, lakini anaongeza konzi.